Kilichobaki Hakitupwi: Historia ya Kiraka, kutoka Pwani Yetu hadi Alabama na Karnataka

Kanga haifi siku inapochanika. Aliyekulia katika nyumba ya pwani anaijua safari yake yote. Huanza ikiwa doti mpya yenye wanga, ngumu mkononi, jina lake likasomwa kabla bei haijatajwa. Mwenyewe huikata, huipiga pindo, kipande kimoja akajifunga na kingine akajitanda. Miaka ikipita rangi hufifia na uzi hulainika, na hapo ndipo kanga inapopata kazi zake za karibu zaidi na mwili. Huwa mbeleko, huwa winda la mtoto mchanga, kwa kuwa hakuna nguo ya dukani inayoifaa ngozi ya siku tatu kama ile iliyokwisha kufuliwa mara mia. Ikichakaa zaidi huchanwa. Kipande hiki kitakuwa ngata ya kubebea ndoo, hiki kitaipulia sufuria, hiki kitaingia kwenye mpira wa matambara wa watoto wa mtaani. Cha mwisho hupiga deki mpaka kikaisha.

Katika safari hiyo kuna kituo kimoja ambacho masimulizi yetu ya nguo hukipita haraka, nacho ni kiraka: pale mabaki ya nguo moja yanapokutana na mabaki ya nyingine, sindano ikapita kati yao, na kikapatikana kitu ambacho hakikuwapo. Kikiwa kikubwa cha kutandika au kujifunika, Kiswahili kinacho jina lake la zamani, mfarishi. Juu ya kiraka chenyewe lugha yetu ina kauli mbili. Ya kwanza ni ya dharau: nguo ya viraka ni alama ya shida, na mtoto huchekwa shuleni kwa kaptula yenye kiraka. Ya pili tunaisikia kwenye habari za michezo, ambako mchezaji kiraka ni yule ambaye kocha humpanga beki leo na kiungo kesho, na pengo lisionekane. Huyo anasifiwa.

Makala haya yanaifuata kauli ya pili. Daftari za wafanyabiashara zimetuwekea historia ya nguo ikiwa mpya: ilitoka bandari gani, iliuzwa kwa bei gani, ilibadilishwa na bidhaa gani. Historia ya nguo ikishachakaa imeandikwa kwa sindano na uzi, na walioiandika karibu wote ni wanawake. Nusu hiyo ya pili ndiyo inayotuambia nguo ile ilikuwa na maana gani kwa aliyeivaa, na inasomeka vizuri zaidi katika jamii ambazo nguo iliwahi kutumiwa kuwanunua watu wake.

Nguo iliyokuwa fedha

Katika karne ya 19, nguo ya pamba huku kwetu ilikuwa vazi na ilikuwa fedha pia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba marobota ya nguo na shanga, na njiani hongo ililipwa kwa nguo. Vipimo vyake vilijulikana na mpagazi na mtemi sawasawa. Mkono ulianzia kisugudi ukaishia ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka, minane ikawa doti, na kitambaa kizima kilichokunjwa kama kilivyotoka kiwandani kikaitwa jora. Kila mara muuza duka wa leo anapotamka neno doti, anatumia kipimo cha njia ya misafara.

Nguo iliyotawala njia hizo ilikuwa merikani, na jina lake linataja ilikotoka. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konseli wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, mwenyeji wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, alianza kazi Unguja. Meli za Salem zilileta kitambaa kizito kisichopaushwa, zikarudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Kitambaa kilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani, lakini pamba yake ilitoka majimbo ya kusini, ambako ilichumwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Kilipofika bara letu kikawa miongoni mwa bidhaa zilizonunulia pembe na binadamu. Hivyo jora moja la merikani liliweza kubeba jasho la mtumwa wa ng'ambo ile na bei ya mtumwa wa ng'ambo hii.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilikata pamba hiyo, na merikani ikaadimika. Nguo za Uingereza na za India zikaingia, na kufikia mwisho wa karne viwanda vya Bombay vilikuwa vimeshika sehemu kubwa ya soko letu. Katika Unguja ya zama hizo, mwanamke mtumwa alijulikana kwa vazi lake: merikani isiyo na rangi, au kaniki iliyotiwa rangi nzito ya nili.

Ndipo ikaja leso. Jina lake ni la Kireno, la kitambaa cha mkononi, na masimulizi ya pwani juu ya asili ya kanga yanarudiwa hadi leo. Wanasema wanawake wa Unguja walinunua leso zikiwa bado hazijakatwa, wakachukua tatu na tatu, wakaziunga kwa sindano, wakapata nguo pana ya leso sita yenye maua waliyoyapanga wenyewe. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaanza kuagiza kitambaa kilichochapwa kikiwa kizima. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alianzisha biashara yake Mombasa, na chapa ya Mali ya Abdulla ikaenea pwani nzima. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamevaa kaniki walivaa kanga za rangi kuonyesha kwamba zama zimebadilika.

Tukiyafuata masimulizi hayo, basi nguo tuipendayo kuliko zote ilianza kwa mshono wa kuunga vipande. Muuzaji alikuwa amekwisha kuamua kwamba leso ni ya kufutia jasho. Wanawake wakaikataa hesabu yake na kuipima upya kwa miili yao. Uamuzi huo wa kuipima nguo upya ndio tutakaoukuta tena na tena mbele ya safari.

Viraka vilivyovaliwa kwa hiari

Si kila kiraka kililetwa na uhitaji. Watawa wa Kibuddha tangu zamani waliagizwa kuvaa majoho yaliyoshonwa kwa vipande vya nguo zilizotupwa, mishono yake ikipangwa kama majaruba ya mpunga. Katika Uislamu, masufi walilivaa joho la viraka kama ahadi ya kuipa dunia kisogo.

Sudan iliichukua ahadi hiyo ikaifanya bendera. Muhammad Ahmad alipojitangaza kuwa Mahdi mwaka 1881, wafuasi wake walivaa jibba ya pamba iliyotiwa viraka, tajiri na maskini wakawa na vazi moja. Mwanzoni viraka viliziba matundu ya kweli. Jeshi lilipokua, vikawa vipande vya rangi vilivyokatwa kwa unadhifu na kupangwa sawia pande zote mbili za kifua. Nyingi kati ya jibba zilizomo leo katika makumbusho ya Uingereza ni nyara za vita hivyo, vilivyofikia ukingoni Omdurman mwaka 1898. Senegal nako, wafuasi wa Sheikh Ibra Fall, mwanafunzi mashuhuri wa Sheikh Amadou Bamba, wanaendelea kuvaa kanzu za viraka vya rangi nyingi ziitwazo njaxas. Kwa Mahdi na kwa Ibra Fall, kiraka kilisema kwa sauti kile ambacho kwingine kilifichwa kwa aibu.

Kona ya Mto Alabama

Sasa tuifuate pamba hadi ilikochumwa. Mto Alabama, ukipita katika wilaya ya Wilcox, hujipinda kama kiwiko na kuizunguka ardhi pande tatu. Mahali hapo panaitwa Gee's Bend, kwa jina la Joseph Gee aliyefungua shamba la pamba mwaka 1816. Mwaka 1845 shamba likaangukia mikononi mwa Mark Pettway, naye akahamia huko na watumwa takriban 100 walioswagwa kwa miguu kutoka North Carolina. Uhuru ulipokuja, wengi walibaki palepale, wakawa wakulima wa kugawana mavuno na mwenye ardhi. Jina la Pettway wanalo hadi leo.

Mwaka wao ulipangwa na pamba. Kupanda, palizi, kuchuma, kisha hesabu ya deni dukani. Mifarishi ilifuata kalenda hiyo hiyo. Kazi ya kuunganisha viraka vya uso wa mfarishi ilifanywa na kila mwanamke peke yake, mwaka mzima, katika nafasi alizoziiba kati ya shamba na jiko. Kipande kiliwekwa leo, kingine baada ya wiki, kadiri nguo zilivyoendelea kuchakaa. Baridi ilipoingia na shamba likalala, wanawake walikusanyika nyumba kwa nyumba kuuzunguka ubao wa fremu, wakashona pamoja tabaka tatu: uso wa viraka, pamba ya katikati na kitambaa cha mgongoni. Mara nyingi pamba ya katikati ilikuwa ile iliyozolewa sakafuni kwenye mashine ya kuchambulia, ikapigwa kwa fimbo mpaka ikachambuka. Watu waliochuma pamba ya kuvisha dunia walijifunika masazo yake. Baridi ilipokwisha, mifarishi ilifuliwa na kuanikwa kwenye kamba nje. Siku hizo za kuanika ndizo zilizokuwa maonyesho yao: mpita njia alisimama, akaangalia, akaenda kwake na wazo jipya.

Malighafi ilikuwa nguo za kazi, magunia ya unga na ya mbolea, na chochote kilichobaki. Majina waliyoipa mitindo yao yanatoka kwenye maisha yao. Kuna paa la nyumba, ambalo huanza na mraba mmoja katikati, ukazungushiwa vipande virefu, duru juu ya duru, hadi ukingoni. Kuna mwashi wa matofali, kuna msichana mvivu wenye mistari mirefu tu, na kuna njia yangu, ambao hauna kanuni isipokuwa ya mshonaji mwenyewe. Nyumba za mbao zilikuwa na mianya iliyopitisha upepo, hivyo mfarishi ulilaliwa, ulitumika kujifunika na uliziba ukuta. Ukiisha kabisa ulichomwa, moshi wake ukafukuza mbu.

Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alifariki, na warithi wake wakadai madeni yote kwa mpigo. Kaya 60 zilinyang'anywa mifugo, zana, mazao na akiba ya chakula, zikabaki kuusubiri msaada wa Msalaba Mwekundu. Serikali ya Marekani baadaye iliinunua ardhi na kuwauzia wakazi viwanja, jambo lililowafanya wamiliki ardhi pale ambapo babu zao walikuwa mali ya mtu. Mwaka 1937 mpigapicha Arthur Rothstein alitumwa huko, na katika picha zake mifarishi inaonekana ikiwa kazini, vitandani na mikononi mwa washonaji.

Katika historia hii yote, mfarishi mmoja unastahili kuangaliwa kwa utulivu. Mwaka 1942 Missouri Pettway, baada ya kufiwa na mumewe, alizichukua nguo za kazi alizoziacha marehemu, suruali na mashati, akazichana pamoja na binti yake Arlonzia, kisha akaziunga kuwa mfarishi wa kujifunika. Vipande vyake vimefifia kwa jua la shambani na vina madoa ya kazi. Alikuwa na nguo zilizokuwa zimechukua umbo la mwili wa mumewe, naye akajifunika umbo hilo.

Wakati wa mapambano ya haki za kiraia, Martin Luther King alifika Gee's Bend mwezi Februari 1965. Wakazi walikuwa wakivuka mto kwenda mji wa Camden kujiandikisha kupiga kura, na tangu mwaka 1962 huduma ya pantoni ilikuwa imekatwa. Safari ya kuvuka mto ikawa mzunguko wa gari wa takriban saa nzima. Pantoni halikurudi hadi mwaka 2006. Katika mazingira hayo, mwaka 1966, wanawake wa wilaya hiyo walianzisha ushirika uitwao Freedom Quilting Bee, chini ya uongozi wa watu kama Estelle Witherspoon, wakauza mifarishi yao katika maduka makubwa ya New York. Mwaka 1972 ushirika ulipata kandarasi ya kampuni ya Sears ya kushona foronya za kodrai, kitambaa kile chenye michirizi ya manyoya mafupi. Kazi ya kandarasi ilitaka vipimo sawasawa, foronya moja ikifanana na nyingine. Mabaki ya kodrai hiyo, ya rangi ya dhahabu, ya kijani cha parachichi na nyekundu iliyoiva, yalichukuliwa nyumbani. Huko yakawa mifarishi isiyofanana hata kidogo, na leo kodrai ya miaka ya 1970 ni alama ya kuutambulisha umri wa mfarishi wa Gee's Bend.

Umaarufu ulikuja baadaye. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Houston na kisha Whitney, New York, na watazamaji wakaistaajabia kama michoro mikubwa ya rangi. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha zake. Mwaka 2015 Mary Lee Bendolph, Lucy Mingo na Loretta Pettway walipewa tuzo ya taifa ya urithi. Heshima hiyo walistahili. Hata hivyo, ukutani mfarishi unaonyesha uso wake tu. Pamba ya sakafuni iliyo tumboni mwake, na wanawake waliokaa kuuzunguka wakati wa baridi, havionekani mpaka mtu asimulie.

Kabla yao alikuwapo Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Mfarishi wake wa visa vya Biblia, wenye picha za watu na wanyama zilizokatwa kwa vitambaa na kubandikwa kwa mshono, ulionyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, mwaka 1886. Mwalimu wa sanaa Jennie Smith aliutamani, Harriet akakataa kuuza. Miaka michache baadaye shida ilimlazimisha, akaomba dola 10 na kupewa 5. Alipoukabidhi alimweleza mnunuzi kila picha ina maana gani, na mnunuzi akayaandika maelezo hayo. Baadaye Harriet alirudi mara kadhaa kuutazama. Leo umo katika Taasisi ya Smithsonian mjini Washington, na tunaweza kuusoma kwa sababu siku ile ya kuuza Harriet alihakikisha maneno yanakwenda pamoja na nguo.

Upande wa pili wa bahari yetu

Waafrika waliouzwa utumwani hawakupelekwa magharibi pekee. Kwa karne nyingi majahazi yaliwachukua watu wa Afrika Mashariki kwenda Arabuni, Uajemi na India, na Wareno, waliouteka mji wa Goa mwaka 1510, nao wakawapeleka huko kutoka Msumbiji na pwani yake. Vizazi vyao nchini India vinaitwa Wasiddi. Walioko Gujarat bado wanaiita ngoma yao goma, na Mswahili yeyote akiisikia atageuka kuangalia nani kaita. Walioko jimbo la Karnataka, katika wilaya ya Uttara Kannada, wengi wao ni wazao wa waliotoroka Goa wakajificha katika misitu ya milima ya Western Ghats. Wako Wahindu, wako Waislamu, wako Wakatoliki, na wanazungumza Kikonkani na Kikannada.

Kati ya vitu vinavyowaunganisha wanawake wa dini zote tatu ni mfarishi wa viraka uitwao kawandi. Jirani zao Wahindi pia hushona mifarishi ya nguo chakavu, kwa kuwa India nzima ni nchi ya ufundi huo, kuanzia kantha za Bengal hadi godadi za Gujarat. Ila kawandi ina mwenendo wake. Mshonaji hutandika sari kuukuu chini, akaketi sakafuni bila fremu. Huanzia kwenye pembe moja, akaweka kiraka ukingoni, akakishona kwa bandi kubwa zinazoonekana, kisha kiraka kinachofuata kikalalia makali ya kile kilichotangulia. Huenda hivyo akizunguka kingo zote nne bila kukata mwendo, duru ikiingia ndani ya duru, mpaka sindano inapofika katikati na kazi ikakamilika hapo. Mistari ya bandi huwa mingi na ya karibu karibu kiasi kwamba ndiyo inayoshikilia tabaka zote pamoja. Wajuzi huipima kawandi kwa mistari hiyo kabla ya kuzitazama rangi.

Kwenye pembe nne hushonwa vipande vidogo vilivyokunjwa pembetatu, tabaka juu ya tabaka, viitwavyo phula, yaani maua. Havina kazi ya kuzuia baridi. Lakini wanawake wa Kisiddi husema kawandi isiyo na phula iko uchi, na wanaisema kauli hiyo juu ya kitu kilichotengenezwa kwa nguo zilizokwisha kuvaliwa hadi mwisho. Katika nyumba za Wakatoliki utaona msalaba ukiwa umeingizwa kati ya viraka, na katika nyumba za Waislamu hilali. Kuna kawandi ndogo za kulazia watoto wachanga, na kubwa za watu kadhaa.

Kalenda ya kawandi imefungwa na upepo tunaoujua. Kusi inayovuma kwetu katikati ya mwaka, iliyosukuma majahazi yaliyobeba watu hao, hufika magharibi mwa India ikiwa na mvua kuu za Juni hadi Septemba. Misitu ya Ghats hulowa miezi minne, baridi ya unyevu ikapenya kuta, na kawandi zikawa tandiko, shuka na blanketi kwa pamoja. Kwa hiyo nguo zinazochakaa kuanzia kiangazi huwekwa kwa hesabu ya mvua inayokuja.

Mwaka 2003 serikali ya India iliwaandikisha Wasiddi wa Karnataka miongoni mwa makabila yanayolindwa kikatiba. Mwaka uliofuata, kwa msaada wa mtaalamu wa sanaa za Kiafrika Henry Drewal wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, wanawake walianzisha ushirika wa kuuza kawandi, na kazi zao zikafika katika makumbusho ya Marekani. Huko zilitazamwa na macho yaliyokwisha kuzoea mifarishi ya Gee's Bend.

Kuanzia katikati, kuanzia ukingoni

Ukiziweka kazi hizi mbili pamoja, utashawishika kusema damu ni nzito kuliko maji, kwamba mkono wa Kiafrika umekumbuka kitu kimoja kule Alabama na kule Karnataka. Rangi zinazogongana bila kuombana radhi, mistari inayokwepa usawa kwa makusudi: mifanano hiyo ipo na inagusa moyo. Lakini ufundi wenyewe unasema jambo sahihi zaidi. Mtindo wa paa la nyumba huanza na mraba wa katikati ukapanuka kwenda nje. Kawandi huanza ukingoni ikajikusanya kwenda ndani. Kule kuna fremu na wanawake wengi kuizunguka, huku kuna sakafu na mshonaji aliyeketi juu yake. Kila jamii ilijifunza palepale ilipotupwa, kwa nguo ilizozikuta.

Wanachokishiriki kimetokana na historia waliyopitia. Wote ni wazao wa watu waliowahi kuuzwa. Wote walinyimwa maandishi, ardhi na makaburi yenye majina. Na katika pande zote mbili wanawake walikichukua kitambaa kilichokuwa kimepoteza bei kabisa, kile ambacho hakuna tena mfanyabiashara angekiwekea mkono, wakakitia thamani ambayo soko halikuipanga. Wanawake wa Unguja walioziunga leso sita walikuwa dada zao katika kazi hiyo.

Kazi iliyobaki kwetu

Kwetu mabaki hayajawahi kukosekana. Chini ya kila cherehani mjini kuna kikapu au kona inayofurika vipande vya vitenge, vya kanga, vya satini za harusi. Mafundi wengi huviunga wakapata mito, mabegi, aproni na shuka za watoto. Marobota ya mitumba nayo hutuletea nguo zilizochoka kwa wengine, zikavaliwa tena hapa, kisha zikawa viraka. Ufundi upo na mikono ipo.

Kinachopotea ni maelezo. Makumbusho na wakusanyaji hupenda nguo nzima: kanga ambayo haijakatwa, kofia ambayo haijavaliwa. Kipande kilichotumika huhesabiwa uchafu, na bibi akifariki sanduku lake humwagwa, matambara yakatupwa jalalani pamoja na kila alichokijua juu yake. Wenye vyumba vya kuhifadhia urithi wetu wangefanya jambo la maana sana kama wangeanza kupokea mifarishi iliyochakaa, mbeleko zilizopachikwa na mito ya vipande, kila kimoja na masimulizi ya aliyekishona. Wenye bibi na mama walio hai wanaweza kuanza jioni hii. Utandike ule mto au shuka la viraka, uweke kidole juu ya kipande kimoja baada ya kingine, na uulize: hiki kilikuwa nguo gani, ya nani, ya mwaka gani, aliivaa akienda wapi? Andika anachosema, kama Jennie Smith alivyoyaandika ya Harriet Powers.

Usipuuze hata kipande kisicho na ua wala rangi. Katika mifarishi ya nguo za kazi ya Gee's Bend kuna mahali ambapo mfuko wa suruali ulifumuliwa kabla kitambaa hakijaungwa. Suruali nzima imepauka kwa jua la miaka, ila palipokuwa na mfuko pamebaki buluu nzito kama siku iliponunuliwa, katika umbo lilelile la mfuko. Jua la shamba la pamba halikuwahi kupafikia. Mshonaji angeweza kukigeuza kitambaa upande wa pili, au kukikata ili doa hilo lisionekane. Aliliacha juu, mahali ambapo kila atakayejifunika ataliona.